Sayyid Barghash: Mfalme wa Majumba Aliyeponyokwa na Nchi

Watu wanaokwenda Ufaransa kwa matembezi hawakosi kupelekwa katika bonde la mto Loire, kusini ya Paris, kutazama makasri ya wafalme wa zamani. Mto huo ndio mrefu kupita yote ya nchi ile, yapata kilomita 1,000, na kandokando yake, na kando ya mito midogo inayomwaga maji humo, wafalme na matajiri walijenga majumba ambayo hata leo watu hulipa kiingilio kuyaona. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya bonde hilo ilitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Wachache wanajua kwamba mwaka ule ule, katika orodha ile ile, uliandikwa pia Mji Mkongwe wa Unguja.

Basi na sisi tunayo makasri yetu, wala hatuhitaji kupanda ndege kwenda Ulaya kuyaona. Na ukiuliza mengi kati ya yale ya Unguja yalijengwa na nani, jina litakalotajwa mara kwa mara ni la Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888. Msomaji wa Mombasa au Lamu atasema habari hizo anazijua tangu utotoni. Lakini hata yule mtu wa mwambao aliyehamia Nairobi kutafuta riziki, akapanga chumba cha mabati Gatwekera huko Kibera, mbali na bahari na mbali na kasri lolote, anaishi mahali ambapo historia yake imefungamana na muhuri wa mfalme huyo. Namna gani, tutaona mbele.

Sayyid Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, aliyehamisha kiti chake kutoka Maskati akakileta Unguja. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Nyumba ya baba yao ilikuwa na wake, masuria, watumwa na watoto wengi hata ikawa kama mji mdogo. Kasri kuu la wakati ule lilikuwa la Mtoni, kaskazini ya mji, na jina lake latokana na kijito kilichopita hapo kuingia baharini. Wale wanaosema makasri ya mtoni ni ya Wafaransa peke yao wangepaswa kupita hapo kwanza.

Habari nyingi za ndani ya nyumba zile tunazipata kwa dada yake wa baba mmoja, Sayyida Salme, katika kitabu alichochapisha Ujerumani mwaka 1886. Msomaji anayekisoma lazima akumbuke kwamba aliyeandika alikuwa na kinyongo na kaka yake, na kisa cha kinyongo hicho nitakieleza. Hata hivyo hakuna mtu mwingine aliyetuachia picha ya karibu kama ile.

Mwezi wa Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki dunia melini, akitoka Maskati kurudi Unguja. Barghash, kijana wa miaka kama 19, alikuwamo katika meli ile. Desturi ya baharini ni kumtosa maiti, lakini yeye aliagiza mwili uwekwe sandukuni, na walipofika akamzika baba yake usiku, kimyakimya, kabla mji haujapata habari. Wengi waliamini kwamba shabaha yake ilikuwa kujitwalia utawala kabla watu hawajaamka. Kama ndivyo, hakufaulu. Ndugu yake Majid akawa mtawala wa Unguja, na Thuwaini akabaki na Omani.

Barghash hakukubali. Mwaka 1859 alifanya njama ya kumpindua Majid, akiungwa mkono na watu wa kabila la Harthi na kuonewa huruma na balozi wa Ufaransa. Dada zake Khole na Salme walikuwa upande wake, na Salme, msichana wa miaka kama 15, ndiye aliyeandika barua za siri kwa kuwa alijua kuandika. Njama ikagunduliwa, nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari. Usiku mmoja dada zake wakaja na msafara wa wanawake kama wanaokwenda kumzuru, wakaingia, na walipotoka mwanamke mmoja aliyejifunika gubigubi alikuwa ni Barghash mwenyewe.

Alikimbilia wapi? Kwenye shamba liitwalo Marseilles! Ndiyo, Marseilles ya Unguja. Jina hilo lilitokana na kaka yao marehemu Khalid, ambaye alipenda mambo yote ya Kifaransa, akalipa shamba lake jina la bandari ya Ufaransa na kuipamba nyumba kwa vioo vikubwa. Nyumba ile ya starehe ikageuzwa ngome. Majid, akisaidiwa na wanamaji wa Kiingereza wenye mizinga, akaishambulia, na vioo vyote vya Khalid vikaishia hapo. Barghash akarudi mjini kwa siri, na mwishowe akajisalimisha. Balozi wa Kiingereza, Rigby, akampeleka uhamishoni Bombay.

Kwa msomaji Mwislamu, jambo hili linafanana na kisa kingine cha miaka ile. Katika kasri la Amboise, juu ya mto Loire, Wafaransa walimfungia Amir Abdelkader wa Algeria tangu 1848 hadi 1852, yeye na jamaa zake na wafuasi wake. Watalii wanaopanda pale kutazama kasri na kaburi la Leonardo da Vinci hupita pia bustani walimozikwa wale Waislamu 25 waliokufia kifungoni. Kasri huwa la starehe kwa mtu mmoja na gereza kwa mwingine. Abdelkader alifunguliwa akaenda kuishi Damasko, ambako mwaka 1860 aliokoa maisha ya Wakristo wengi wasiuawe. Barghash hakutiwa ndani ya kuta huko Bombay, lakini mtu aliyenyimwa ruhusa ya kurudi kwao ni mfungwa vile vile.

Bombay ilimfunza. Alikaa huko kama miaka miwili, wakati ambapo Waingereza walikuwa wakiutengeneza mji ule kwa barabara pana, na mwaka 1860 wakamaliza kuuletea maji ya mabomba kutoka ziwa la Vihar. Aliona pia ni taifa gani lenye nguvu katika Bahari ya Hindi. Aliporudi Unguja alikaa kwa utulivu mpaka Majid alipofariki Oktoba 1870, ndipo kiti kikamwangukia.

Alianza kwa mikosi. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kali iliupiga mji na mashamba ya Unguja, minazi ikang'oka, mikarafuu ikalala chini kwa maelfu, na merikebu zake zikazama bandarini. Pemba haikuumia sana, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Mwaka uliofuata Waingereza walimtaka afunge biashara ya watumwa ya baharini. Kwanza alikataa. Balozi John Kirk alipomweleza kwamba manowari zitakizingira kisiwa, tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi. Soko la watumwa mjini likafungwa siku zile zile, na kwenye kiwanja kile likajengwa kanisa kuu la Kianglikana.

Hapa haifai kuficha jambo. Utajiri uliojenga makasri ya Unguja ulitoka katika karafuu na pembe, na jasho lililochuma karafuu na kubeba pembe lilikuwa la watumwa. Mkataba wa 1873 ulifunga biashara, haukuwaacha huru waliokuwa mashambani. Unguja iliwabidi wangoje mpaka 1897, na mwambao wa Kenya mpaka 1907. Anayesifu nguzo na milango ya nakshi na amkumbuke pia aliyebeba mawe.

Mwaka 1875 Sayyid Barghash alisafiri Ulaya. Uingereza ilimpokea kwa heshima, akaonana na Malkia Victoria, akatembezwa viwandani na mjini. Kisha alipita Paris. Sayyida Salme wakati ule alikuwa mjane huko Ujerumani. Alikuwa ametoroka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, naye mumewe akafa mwaka 1870 na kumwachia watoto wadogo. Aliposikia kaka yake yuko London alikwenda kumtafuta, lakini wakubwa wa Kiingereza wakamzuia wasionane kwa kumpa ahadi ambazo baadaye hazikutimizwa. Yule msichana aliyemtoa Barghash katika nyumba iliyozingirwa hakupata hata kumwona uso. Mwenyewe Barghash hakumsamehe kamwe kwa kuiacha dini, wala urithi hakumpa. Wako watakaosema alifanya haki, na wako watakaoona kwamba deni la usiku ule wa 1859 lilikuwa kubwa. Mimi naona lilikuwa kubwa.

Sasa tuje kwenye majumba. Kusini ya mji alijenga Chukwani, mahali pa kupumzika na kupunga hewa. Kaskazini, karibu na ufuko, alijenga Marahubi, iliyomalizika mwaka 1882, ikiwa na bustani ya miembe, mabirika ya maji, ukuta mrefu na hamamu ya mtindo wa Kiajemi, kwa ajili ya watu wake wa ndani. Waongoza watalii husimulia habari za masuria 99. Hesabu hiyo iacheni huko huko kwa waongoza watalii. Mjini alijenga Hamamni, hamamu ya watu wote, kwa ufundi wa Mwajemi Haji Gulamhussein. Na mwaka 1883 likakamilika jumba lililoyafunika yote, Beit al-Ajaib.

Jumba hilo halikukusudiwa kulala mtu, bali lilikuwa la mikutano, sherehe na kupokea wageni. Lilizungukwa na roshani pana orofa juu ya orofa, zilizobebwa na nguzo za chuma zilizoletwa kutoka nje. Milango yake ya nakshi iliandikwa aya za Kurani kwa dhahabu, na mbele yake iliwekwa mizinga ya shaba ya Wareno. Likawa la kwanza mjini kuwaka taa za umeme, na watu wakaliita jumba la maajabu. Kwa miaka mingi hapakuwa na jengo refu kulishinda katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mabaharia waliliona kabla ya kuuona mji.

Mfaransa angesema hilo ni Chambord yetu. Mfalme François wa Kwanza alianza kujenga kasri la Chambord mwaka 1519, lenye vyumba zaidi ya 400 na ngazi maarufu ambayo wapandao na washukao hawakutani, na katika maisha yake yote siku alizolala humo, ukizijumlisha, hazikufika miezi mitatu. Wafalme hujenga ili waonekane. François alitaka kuonekana na wafalme wenzake wa Ulaya. Barghash alitaka kuonekana na mabalozi waliotia nanga mbele ya baraza yake, kwamba hapa pana dola kamili yenye mwenyewe.

Lakini kazi yake kubwa kupita zote, kwa maoni yangu, haikuwa na roshani wala dhahabu. Mji wa Unguja ulikuwa ukinywa maji ya visima vilivyochanganyika na uchafu, na kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kiliua watu wengi mno. Barghash aliagiza maji yaletwe kwa mfereji na mabomba kutoka Chemchem, upande wa Bububu, mpaka mjini, yakatolewa kwa watu bila malipo. Maskini na tajiri wakakinga bomba moja.

Anayeona hilo ni dogo na aende Gatwekera asubuhi. Ataona safu za mitungi ya plastiki ya lita 20, kila mmoja na bei yake, na siku mabomba yakikauka bei hupanda, na mama mwenye watoto watano huamua afue au apike. Mfalme wa karne ya 19, aliyetawala bila bunge, aliona kwamba maji ya mjini si bidhaa. Miji yetu ya leo bado haijamfikia.

Tena alileta matbaa ya Kiarabu, na tangu mwaka 1880 hivi ikaanza kuchapa vitabu vya fikihi ya Kiibadhi hapo hapo Unguja, jambo geni kabisa katika pwani hii. Hata hivyo mapenzi yake kwa elimu yalikuwa na mpaka. Masheikh wa Kisunni waliojadiliana na madhehebu yake kwa nguvu hawakuvumiliwa. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa alitiwa gerezani naye, akakaa humo mpaka Barghash alipofariki. Mwanawe Sheikh Ali, aliyezaliwa 1891 baada ya baba kufunguliwa, ndiye Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mombasa haijasahau mambo hayo, na haina sababu ya kusahau.

Roshani za Beit al-Ajaib zilikuwa bado mpya wakati nchi ilipoanza kuponyoka. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters aliingia bara kwa siri, akawatia machifu wa Usagara, Uzigua, Ukami na Nguru katika hati wasizoweza kuzisoma, na Februari 1885 Kaisari akatangaza ulinzi wake juu ya nchi hizo. Huko Witu, karibu na Lamu, Wajerumani walimlinda pia Sultani Ahmed, adui wa Barghash. Mfalme akapinga. Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikajipanga mbele ya kasri na mizinga imeelekezwa mjini. Katika mojawapo ya meli zilizokuja alikuwamo Sayyida Salme na watoto wake, ameletwa kama chambo cha kumtia kaka yake taabuni. Kirk, rafiki na mshauri wa miaka mingi, alikuwa amepata amri kutoka London asiwapinge Wajerumani, kwa hiyo akamshauri akubali. Akakubali.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wao kwa wao wakapima nchi ya mtu. Wakamwachia visiwa, miji ya Benadir, na ukanda wa mwambao wa maili 10 tu kuingia bara. Huu ndio ukanda ambao Waswahili wa Kenya waliendelea kuujadili mpaka mwaka 1963, bendera nyekundu ilipoteremshwa. Na tarehe 24 Mei 1887 Barghash alitia muhuri hati ya kuwapa Waingereza wa kundi la William Mackinnon uendeshaji wa pwani kutoka Umba hadi Kipini kwa miaka 50. Kundi hilo ndilo lililokuwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki.

Kutoka hati hiyo njia yafika Kibera. Kampuni, ikiwa imeshika Mombasa, ilipenya bara mpaka Uganda, na mwaka 1891 afisa wake Lugard akawaandika kazi askari wa Kisudani waliobaki nyuma baada ya Emin Pasha kuondoka. Serikali ya Kiingereza ilipochukua nchi mwaka 1895, askari hao na watoto wao wakawa uti wa mgongo wa jeshi la KAR, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakapewa makazi katika msitu nje ya Nairobi. Kwa Kinubi chao waliuita kibra, yaani msitu. Walijenga misikiti yao, Makina ikawa kitovu chao, na mji ukawazunguka, vijiji kama Gatwekera vikasongamana juu ya ardhi ile. Hati ya kumiliki ardhi, na hiyo ya eka 288 tu, Wanubi waliipata mwaka 2017. Hati za kuchukua nchi huandikwa upesi kuliko za kuirudisha.

Sayyid Barghash hakuishi kuona hayo. Maradhi yalikuwa yamemdhoofisha, akasafiri Omani kutafuta afya, na Machi 1888 alirudi Unguja na kufariki muda mfupi baada ya kushuka melini. Umri wake ulikuwa yapata miaka 51. Nduguye Khalifa akashika nafasi yake, na Sheikh Ali akatoka gerezani.

Majumba nayo hayakumshinda sana kwa umri. Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja, nyumba ya Beit al-Hukm ikaangamia na Beit al-Sahel ikaumia, ila Beit al-Ajaib ikasalimika. Marahubi iliungua mwaka 1899, marumaru zake zikabebwa, zikabaki nguzo na birika lenye mayungiyungi. Beit al-Ajaib lenyewe likawa ofisi za serikali, kisha makumbusho, mpaka Desemba 2020 likiwa katika matengenezo sehemu yake ikaporomoka na kuua mafundi wawili.

Marehemu amezikwa katika makaburi ya ukoo wake, karibu na Beit al-Sahel. Kutoka hapo mpaka mbele ya Beit al-Ajaib ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.